Monstera Imenyong'onyea Baada ya Kubadilishiwa Poti: Mwongozo Kamili wa Kuiokoa

Swali ni lile lile na picha ni ile ile. Monstera, ule mmea wa ndani wenye majani makubwa yenye matundu, imenunuliwa barabarani kwa muuza maua ikiwa nzuri inang'aa, imefika nyumbani imetolewa kwenye kiriba cheusi ikawekwa kwenye poti kubwa ya kisasa, wiki haijaisha majani yameinama, la chini limekuwa njano, halafu mwenye mmea anauliza aupe mbolea gani. Hakuna mbolea. Na maji pia hapana, angalau sio leo.

Iko hivi. Mmea ukihamishwa, vile vinyweleo vya mizizi ambavyo ndivyo vinavyokunywa maji vinakatika vingi sana, hata uwe na mkono mwepesi namna gani. Majani juu bado ni yale yale na yanaendelea kupoteza maji mchana kutwa. Kwa hiyo mmea unaweza kulegea kwa kiu huku umesimama kwenye tope. Wewe ukiona umelegea unaongeza maji, udongo unakosa hewa, mizizi iliyobaki inaoza, mmea unalegea zaidi, unaongeza tena. Nyingi zinafia hapo, kwenye huruma.

Naongelea monstera kwa sababu ndiyo inayoletewa malalamiko zaidi, ila filodendroni, pothosi na pisi lili unaweza kuzifanyia haya haya. ZZ usiifuatishie. Ile ni mmea wa huku kwetu kabisa, unaota porini kuanzia Kenya mpaka Afrika Kusini, ina viazi chini vya kutunza maji na inataka ukame zaidi ya haya nitakayosema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kusanya kwanza, maana ukishautoa mmea kwenye poti hutaki kuanza kukimbizana na duka la dawa huku mizizi inakauka mezani.

- Kijiti cha mbao cha mshikaki, kikavu. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote
- Mkasi mkali au kisu kidogo, na spiriti ya kufutia
- Glavu
- Magazeti ya zamani au kiroba cha kutandika chini
- Ndoo na maji safi yasiyo na chumvi
- Poti yenye matundu chini, na sahani yake
- Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, au ule unga wake unaouzwa ukiwa umeshindiliwa kama matofali
- Chenga za mkaa
- Kokoto ndogo za saizi ya punje ya mahindi. Nairobi utapata pamisi, yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, kwa wauza miche, chukua hiyo, ni nyepesi na inashika hewa vizuri
- Mboji iliyoiva, kidogo tu
- Fito moja na kitambaa laini cha kufungia
- Simu ya kupigia picha

Glavu sio mbwembwe. Utomvu wa monstera una vijichembe vya kalsiamu oksaleti vyenye ncha kama sindano, ukikugusa unawashwa, ukiingia mdomoni unachoma ulimi na koo vibaya. Mtoto mdogo, paka na mbwa wakae mbali siku hiyo, na vipande vyote utakavyokata vitupe mara moja.

## Hatua ya 1: Piga picha, halafu choma kijiti

Piga picha mmea mzima na jani moja moja lenye tatizo. Ukiuangalia kila siku hutaona kama unapona au unakufa, picha ndiyo itakuambia.

Sasa chukua kijiti, kizamishe kwenye udongo karibu na ukingo wa poti mpaka kikaribie chini, kiache dakika kumi, kitoe. Ukiona kimetoka na udongo umeng'ang'ania na rangi ya mti imekolea, chini kuna maji. Kikitoka kikavu na kisafi, hakuna. Rudia karibu na shina, pole pole usichane mizizi, kwa sababu katikati na pembeni vinaweza kuwa tofauti kabisa na hiyo tofauti ndiyo itakayokupa jibu.

Usiamini kidole peke yake. Juu sentimita mbili panaweza kuwa vumbi huku chini pameloa chepechepe, hasa kwenye zile poti ndefu nyembamba za saluni.

Kinuse kijiti. Ndiyo, kinuse. Udongo mzima unanukia mvua. Udongo unaoozesha mizizi unanuka mtaro.

Hatua hii umeifanya sawasawa kama unaweza kusema bila kubahatisha: chini pameloa au pamekauka, panapitisha hewa au panavunda.

## Hatua ya 2: Jua ugonjwa wako ni upi kati ya minne

Hapa ndipo watu wanaporuka, na ndio maana wanashindwa. Majani kuinama ni dalili moja yenye sababu nne, na dawa ya moja inaua nyingine.

Mshtuko wa kawaida. Majani yameinama lakini bado ni ya kijani, jani moja au mawili ya chini kabisa yamekuwa njano taratibu, shina gumu ukilibonyeza, udongo una unyevu wa wastani na haunuki. Imetokea ndani ya siku chache baada ya kuhamisha. Hii ndiyo iliyo nyingi na ndiyo rahisi kuliko zote, nenda hatua ya 3 halafu ya 4, usiufukue mmea!

Bonge kavu katikati. Kijiti cha pembeni kimetoka na unyevu, cha karibu na shina kimetoka kikavu kabisa. Vitalu vingi vya barabarani vinapanda kwenye udongo mzito wa mfinyanzi uliokandamizwa, ukikauka unakuwa tofali. Ukilichukua tofali hilo ukalizungushia udongo mwepesi mpya, maji yanapita pembeni yanatokea chini, wewe unaona sahani imejaa unafikiri mmea umekunywa kumbe mizizi haijapata hata tone. Hatua ya 5.

Kuungua na mbolea au chumvi. Kingo na ncha za majani zimekuwa kahawia kavu kwa haraka, hata majani machanga, na ukikumbuka uliweka samadi mbichi, mavi ya kuku, au mbolea ya dukani ya NPK "ipate nguvu". Samadi mbichi inatoa amonia na ina chumvi nyingi, na mizizi yenye vidonda haiwezi hayo. Hatua ya 5 pia.

Kuoza mizizi. Udongo bado chepechepe zaidi ya siku kumi tangu umwagilie, unanuka, majani kadhaa yanageuka njano kwa mpigo, mengine yana mabaka ya kahawia iliyoiva au nyeusi yaliyozungushiwa njano, na shina pale chini linabonyea. Shina likishabonyea usisubiri wikiendi, nenda hatua ya 6 leo.

Kama unasitasita kati ya mshtuko na kuoza, mpe siku tatu bila maji kwenye sehemu nzuri halafu uangalie picha. Mshtuko unatulia au unabaki pale pale. Kuoza kunaongezeka.

## Hatua ya 3: Tafuta sehemu, uiweke, uiache

Hii ni ya magonjwa yote manne.

Inataka mwanga mwingi usio jua la moja kwa moja. Kwa asili monstera ni mmea wa misituni kuanzia kusini mwa Meksiko mpaka Panama, unapanda miti ukiwa kwenye kivuli cha miti mingine mikubwa. Dirisha la mashariki linafaa, jua la saa moja mpaka saa tatu asubuhi halina shida kwa mmea mzima, ila huu mgonjwa utie pazia jepesi. Jua la saa saba mchana la Dar litaubabua na yale mabaka hayafutiki.

Kosa la upande wa pili ni kuuficha kwenye kona ya giza "upumzike". Mmea hauna chakula kingine zaidi ya kile unachotengeneza kwa mwanga, na mizizi mipya inajengwa na chakula hicho. Kipimo changu: ukiweza kusoma gazeti mchana pale ulipouweka bila kuwasha taa, panatosha.

Uondoe mbele ya AC. Huku pwani hewa yenyewe ina unyevunyevu wa kutosha, lakini chumba cha AC inayopuliza usiku kucha kinakausha majani haraka kuliko mizizi mibovu inavyoweza kufidia. Feni inayopuliza moja kwa moja nayo hapana. Na watu wa Nairobi, Arusha, Iringa, mwezi wa sita mpaka wa nane usiuweke chini kwenye marumaru karibu na mlango, mizizi ikipoa inakunywa kidogo sana na udongo unachelewa kukauka, utafikiri umekosea maji kumbe ni baridi. Weka kwenye stuli.

Kunyunyizia majani maji kwa spreya mimi sioni faida yake kwa mgonjwa. Maji yale yanakauka baada ya dakika chache, na yakilala kwenye majani usiku yanakaribisha madoa. Ukitaka kusaidia, sogeza mimea mingine ikae karibu nao.

Ukishachagua sehemu, usiuhamishehamishe. Leo sebuleni, kesho barazani, keshokutwa bafuni kwa sababu uliona video, unauchosha tu.

## Hatua ya 4: Kwa mshtuko wa kawaida, kazi yako ni kusubiri

Mimina maji pale tu kijiti kikitoka kikavu mpaka nusu ya kina cha poti. Sio "kila Jumamosi", sio "kikombe kimoja". Ukimwagilia, mwagilia sawasawa mpaka yatoke chini, subiri nusu saa, mwaga yaliyobaki kwenye sahani.

Usikate majani yaliyoinama kama bado ni ya kijani. Najua yanaudhi kuyaangalia, ila hayo ndiyo yanayolipia mizizi mipya. Lile lililokuwa njano lote unaweza kulikata karibu na shina, halirudi kijani hata ufanyeje. La nusu njano nusu kijani liache limalize, mmea unanyonya virutubisho vyake kabla ya kuliacha.

Kama ni mmea mkubwa wenye majani mazito, uchomekee fito ufunge shina kwa kitambaa, laini, usiukabe. Mmea unaoyumba kila ukipigwa na upepo unang'oa vinyweleo vipya kila vinapoanza. Watu wanasahau hili kabisa halafu wanashangaa mwezi umepita.

Kwenye joto mshtuko unachukua wiki mbili mpaka nne. Sehemu za baridi zaidi ya hapo. Jani kuinama tu hakuna maana unakufa, angalia shingo ya jani, pale bua linapokutana na jani lenyewe, pana kiungo kidogo kama kifundo cha mkono. Kiungo kikianza kukaza na kulinyanyua jani hata kidogo asubuhi, maji yameanza kupanda. Majani yatainama tena saa nane mchana na kuinuka usiku kwa siku kadhaa, hiyo ni dalili nzuri, usiikimbilie na ndoo.

## Hatua ya 5: Bonge kavu, na mbolea iliyozidi

Kwa bonge kavu, usimwage maji juu, yatapita pembeni tena. Weka poti nzima ndani ya beseni, jaza maji mpaka yafike theluthi mbili ya urefu wa poti, acha yapande kupitia matundu. Mwanzo utaona viputo vinatoka. Vikikoma na juu pakiwa pameloa, dakika thelathini mpaka arobaini na tano, toa, uchuje mpaka iache kudondosha. Baada ya hapo chukua kijiti uchome bonge matundu matatu manne kwa upole ili maji ya safari ijayo yapate njia. Majani yanaweza kuinuka siku hiyo hiyo au kesho yake. Yakiinuka, umepatia.

Kwa mbolea, kwanza toa kwa kijiko ile samadi au punje za NPK unazoziona juu. Halafu peleka poti bafuni au uani, pitisha maji mengi taratibu, kama ujazo wa poti mara tatu mpaka nne, yatoke chini kwa uhuru. Hii unafanya kama udongo wako unapitisha maji vizuri tu. Ukiwa mzito, ukifanya hivi unahama kutoka kwenye kuungua unaingia kwenye kuoza, kwa hiyo bora uende moja kwa moja hatua ya 6 ubadilishe udongo wote.

Na angalia maji yako yenyewe. Visima vingi Dar vina maji ya chumvi, onja tu utajua. Kama chai yako ina ladha ya chumvi na mmea nao unaionja. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo kipindi cha masika, au tumia ya bomba.

## Hatua ya 6: Upasuaji wa mizizi iliyooza

Hii fanya kama tu dalili za kuoza zipo kweli. Kufukua mmea wenye mshtuko wa kawaida ni kuuanzishia mshtuko upya.

Tandika kiroba. Vaa glavu. Laza poti ubavu, gonga pembeni, vuta kwa kushika shina chini huku ukisukuma bonge, usivute kwa kushika majani. Udongo wa zamani utoe kwa vidole, kisha zamisha mizizi kwenye ndoo ya maji utikise mpaka uione vizuri.

Sasa shika mzizi mmoja mmoja kati ya vidole viwili uvute kidogo kushuka chini. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe au kahawia nyepesi, na hauachii kitu. Mzizi uliooza unateleza, gamba lake la nje linavuka lote mkononi linabaki uzi mwembamba katikati. Rangi peke yake inadanganya, kuna mizizi imepakwa rangi na makumbi au mkaa ikawa nyeusi na bado ni mizima, kwa hiyo amua kwa kugusa.

Futa mkasi kwa spiriti. Kata kila kilichooza mpaka ufike sehemu ngumu, na ufute tena mkasi kila ukitoka kwenye uozo kuingia kwenye uzima. Usionee huruma, kipande cha sentimita moja kilichooza ukikiacha kitaendelea. Shina likiwa limeoza chini, kata kupanda juu mpaka ndani paonekane peupe au kijani safi bila doa la kahawia.

Watu wanapenda kumwagia mdalasini wa unga. Kwenye kidonda cha shina sawa, paka kidogo. Kwenye mizizi usipake, unakausha, na mizizi yako imeshakuwa michache.

Ukimaliza hesabu. Kama umebakiza karibu nusu ya mizizi au zaidi, acha majani yote mazima. Kama imebaki chini ya robo na mmea una majani makubwa sita saba, kata mawili ya zamani, maana mizizi hiyo haiwezi kuyabeba yote. Imebaki hakuna kabisa? Ruka mpaka sehemu ya mwisho.

Acha mizizi kivulini saa moja mpaka mbili vidonda vikauke juu. Sio siku nzima.

## Hatua ya 7: Udongo na poti, safari hii sawasawa

Poti iwe ya kuwatosha mizizi iliyobaki, na nafasi ya vidole viwili hivi kila upande, basi. Kama umekata mizizi mingi, utarudi kwenye poti ndogo kuliko ile uliyotoa, na inauma kwa sababu ile kubwa ulinunua bei. Ila udongo usio na mizizi hakuna wa kuunywa maji yake, unakaa umeloa wiki mbili na uozo unaanza tena. Ile nzuri itumie kama kava, weka poti ya plastiki yenye matundu ndani yake, ukimwagilia unaitoa unaichuja unairudisha.

Poti isiyo na tundu usipande. Toboa, au weka kama kava.

Mchanganyiko ninaoupenda mimi, kwa kipimo cha kopo lolote: makumbi makopo 4, kokoto au pamisi makopo 3, chenga za mkaa makopo 2, mboji kopo 1. Hauna udongo wa shambani hata kidogo, na ni makusudi. Udongo wa shambani kwenye poti unagandamana kila ukimwagilia mpaka hewa inaisha.

Makumbi yana jambo lake. Yale yanayofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokotea kamba, kama wanavyofanya akina mama kusini mwa Unguja, yameshakunywa maji ya bahari. Hata yale ya kawaida yana chumvi yake. Loweka kwenye maji baridi, mwaga, rudia mara tatu nne kwa siku moja au mbili, mpaka maji yaache kutoka na rangi ya chai nzito. Mkaa nao upepete, tupa vumbi bakiza chenga, na usichanganye na majivu, yanabadilisha udongo kuwa wa magadi.

Halafu kuna hii ya kuweka kokoto chini ya poti "maji yachuje". Kila mtu anaifanya na haisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanagoma hapo mpakani mpaka udongo wa juu ushibe kabisa. Unachopata ni lile tabaka la tope kupanda juu likaifuata mizizi. Kokoto zichanganye humo humo ndani, na kwenye tundu weka kipande cha wavu wa dirisha mchanganyiko usidondoke.

Panda kina kile kile ulichokuwepo, mpaka alama ya udongo wa zamani kwenye shina. Mizizi ya hewani, ile minene inayotoka shinani, ukiweza ielekeze chini iingie kwenye mchanganyiko, inasaidia kunywa. Usikandamize kwa ngumi, gonga poti chini mara mbili tatu mchanganyiko ujipange.

Umepatia kama ukimwaga maji juu yanaingia mara moja na kutoka chini ndani ya nusu dakika hivi, na mmea umesimama bila kucheza.

## Hatua ya 8: Maji baada ya upasuaji

Ukitumia mchanganyiko uliolowekwa, tayari una unyevu. Acha siku mbili tatu kabla ya maji ya kwanza, vidonda vifunge. Baada ya hapo ni kijiti tu, kama hatua ya 4.

Mmea uliobaki na mizizi michache sana unaweza kuufunika kwa nailoni angavu, ile inayokuja na nguo za dobi inatosha, isimamishwe na vijiti isiguse majani. Inapunguza majani kupoteza maji. Ifungue kila siku dakika kumi hewa ibadilike, ukiona ukungu ondoa, na jua la moja kwa moja lisiiguse kabisa maana ndani patachemka. Wiki mbili zinatosha, halafu unaanza kuiacha wazi saa moja, kesho saa tatu, hivyo hivyo mpaka uzoee. Kwa mshtuko wa kawaida usihangaike na nailoni.

Ukiona vijidudu vyeusi vidogo vinarukaruka juu ya udongo, ni kwamba juu hapakauki. Ongeza muda kati ya maji na maji.

## Hatua ya 9: Utajuaje unapona, na mbolea lini

Wiki ya kwanza, ushindi ni kutokuwa na jani jipya la njano. Hutaona kingine, usitafute.

Wiki ya pili na ya tatu, mabua yanakaza. Bonyeza bua kwa vidole, la mmea unaopona ni gumu, halina ulegevu. Poti nayo inaanza kukauka haraka kuliko mwanzo, na hiyo kwangu ndiyo dalili ya kuaminika kuliko zote kwa sababu maana yake chini kuna mizizi inakunywa. Inyanyue poti siku ya kumwagilia na siku mbili baadaye, mkono wako utajua tofauti.

Baada ya hapo utaona ncha nyepesi ya kijani imejiviringisha inachomoza kwenye bua la jani la mwisho. Jani hilo likitoka dogo, au bila matundu, usilalamike. Mmea umetoka kuumwa, matundu yatarudi kwenye majani yajayo mwanga ukitosha.

Mbolea ngoja mpaka jani hilo jipya lifunguke lote. Kisha anza na ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwenye udongo uliokwisha kuloa, mara moja kwa mwezi. Samadi ikiwa ndiyo uliyonayo, iwe imeiva mpaka haina harufu na inafikichika, na iwe kiganja kimoja kwa poti ya kawaida.

Kama wiki nne zimepita, majani ya njano yanaendelea kuongezeka na poti haikauki, rudi kwenye kijiti na pua. Kuna uozo ulibaki.

## Kama mizizi yote imekwisha: chukua kipande

Mmea haujafa mpaka shina lote limeoza. Tafuta sehemu ngumu yenye kifundo, ile pete iliyovimba kwenye shina panapotokea bua la jani, ikiwa na mzizi wa hewani ndiyo bora zaidi. Kata sentimita mbili tatu chini ya kifundo kwa mkasi uliofutwa. Jani na bua lake peke yake, bila kifundo, linaweza kukaa kwenye maji miezi likiwa zuri na hata kutoa mizizi ila halitakuja kutoa mmea, na ukinunua vipande mtandaoni hili ndilo la kukagua kabla hujatuma hela.

Acha kidonda kikauke saa mbili tatu, weka kwenye chupa ya maji ili kifundo kizame na jani libaki nje. Badilisha maji kila siku tatu nne, au siku yoyote yakianza kuwa na ukungu. Mwanga ule ule wa hatua ya 3. Kwenye joto la pwani utaanza kuona ncha nyeupe ndani ya wiki mbili mpaka nne, kwenye baridi inaweza kufika miezi miwili.

Mizizi ikifika sentimita tano na imeanza kutoa matawi, hamishia kwenye kipoti kidogo chenye mchanganyiko wa hatua ya 7. Wiki mbili za mwanzo uache mchanganyiko uwe na unyevu zaidi ya kawaida, kwa sababu mizizi iliyokulia majini haijazoea kutafuta maji, halafu upunguze taratibu mpaka urudi kwenye ratiba ya kijiti. Jani litainama siku mbili tatu za kwanza, na sasa unajua usikimbilie nini.